Nilisomea mtaa mzima, kilabu yangu haikusikia hata neno

Sijui nani alinituma. Siku hiyo nimeingia duka la vitabu mjini, nikashika kimoja, nikageuza nyuma kuangalia bei, nikakirudisha taratibu kama sijawahi kukigusa. Njiani kwenye daladala nikaamua, naanzisha kilabu ya vitabu WhatsApp, vya bure tu. Na bure ya halali jamani, maana kwenye magrupu yetu mtu akikwambia "nina kitabu cha bure" ujue ni PDF ya mwandishi aliye hai na watoto wanaomtegemea, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa mpaka kidole gumba kinaonekana pembeni. Wizi huo mimi sitaki. Nilitaka mwenyewe awe kafa zamani hadi haki zimekwisha.

Nikakipata Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Swahili Tales cha Edward Steere, yule askofu wa Unguja, kimechapwa London 1870. Mwenyewe kafariki 1882, kazikwa palepale Mkunazini ndani ya kanisa alilolijenga, kwa hiyo hakuna wa kutudai kitu. Jina la Kizungu lisikutishe, ndani ni hadithi walizomsimulia Waunguja wenyewe kwa Kiswahili chao, yeye kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika. Kurasa mia tano hivi, zimepangwa hivi: kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza, mpaka mwisho. Hiyo kushoto na kulia ikumbuke, imenitia hasara.

Watu 22 wakajiunga siku moja. Nikatuma faili, na hapo ndo nikajua Watanzania tunapenda vitabu ila tunapenda bando zaidi, maana ile ni picha ya kila ukurasa wa kitabu cha zamani, ni zito. Dada mmoja wa Mwanza akasema limemmalizia kifurushi cha wiki, anataka kujua bure gani hii. Mwingine akafungua akakuta "kila" imeandikwa na l mbili, "killa", akaandika admini tafuta kitabu kilichohaririwa. Nikamwambia kaka hiyo ni 1870, hao unaowataka walikuwa hawajazaliwa.

Halafu kuna mwalimu. Mwalimu ni jirani yangu, kastaafu, kafundisha hisabati maisha yake yote, tunachangia ukuta mmoja. Akasema yeye hasomi kwenye kioo, nimletee karatasi. Sasa mzee wa watu unamkataliaje? Nikaenda steshenari, nikamwambia kijana niprintie hadithi moja tu, ya Sultani Majnuni, na kwa sababu ukurasa ni shilingi 200 nikamwambia ruka mmoja mmoja, nataka Kiswahili tupu. Karuka kweli. Karuka Kiswahili chote. Mimi sikuangalia, nikambebea mwalimu bahasha na shikamoo juu.

Kesho yake asubuhi kasimama mlangoni kwangu na karatasi mkononi.

"Kijana, namba shufwa zote zimeibiwa. Nimepewa witiri tupu."

Nikacheki, kweli, witiri tupu, na zote Kiingereza. Nikamwomba radhi nikataka nizichukue, akagoma. Akasema hizi sasa ni zake, atazitumia kutusahihisha. Ikabidi nirudi kuprinti shufwa kwa ajili yangu mwenyewe, kwa hela ambayo ilikuwa ya umeme wa LUKU.

Jumamosi saa mbili usiku ndo mkutano wetu wa kwanza, simu ya grupu. Mama watoto kasafiri, yuko Morogoro kwenye msiba, watoto kaenda nao, nyumba kimya kabisa, nikasema leo nasoma kwa raha zangu. Wakaingia watu kumi na moja. Nikawaambia wote mzime maiki, nasoma mwenyewe mpaka mwisho, msinikatize. Mwalimu hakuingia kwenye simu.

Hadithi yenyewe kama huijui, sultani ana paka wake. Paka anakula mifugo, sultani anasema paka wangu na mifugo yangu. Anakula na vikubwa zaidi, jibu lilelile. Mwisho anakula watu, na siku anakula watoto wa sultani mwenyewe ndo sultani anagundua kumbe huyu si paka tena, ni nunda. Kijana wake mdogo anaondoka kwenda kumuua. Anaua mbwa, anamburuta mpaka nyumbani anaimba "Mama wee, niulaga, nunda mla watu!" yaani mama nimeua, na mama anamjibu "Mwanangu, siye!" Anarudi porini. Punda milia, siye. Twiga, siye. Na kila mara anaimba upya.

Dakika ya tatu tu LUKU ikakata. Sikushtuka, nikaokota simu gizani nikawasha tochi, nikailaza kifudifudi mezani inamulika dari, mwanga ukatosha kabisa. Nilichokuwa sijui ni kwamba kidole kwenye kupapasa kilizima maiki yangu na mimi.

Basi nikasoma. Yani nilisoma! Kijana nikamtoa sauti ya kifua, mama nikamtoa ile sauti nyembamba ya juu, ya kulia kidogo. Dirisha liko wazi kwa ajili ya joto. Mbona kimya nikajua ni adabu, si nimewaambia wazime maiki?

Kumbe huku kwenye grupu, haya nimekuja kuyasoma baadaye, watu wanaandika "hatusikii", "admini hatusikii", "umejizima maiki wewe", na mtu angenipigia tu yakaisha, lakini mwalimu akaingia akaandika: "Mbona mimi namsikia vizuri sana. Angalieni mitandao yenu." Anasikia kupitia ukuta! Watu wakamwamini maana mwalimu haongopi. Wakaanza kutoka na kuingia. Mmoja kazima simu kawasha. Mwingine kapanda juu ya tenki la maji kutafuta mtandao. Dada wa Mwanza kanunua bando jipya, na hilo hajanisamehe mpaka leo.

Mimi niko kwenye ndovu. "MAMA WEE, NIULAGA!" Mlango ukagongwa kwa kitu kama rungu.

Nafungua, mjumbe wa shina mbele, nyuma yake vijana wa ulinzi shirikishi wawili na tochi, mama muuza vitumbua, na watu wengine nisiowajua mpaka leo.

"Umeua nani?" Mjumbe hakusalimia.

"Ndovu," nikasema. Nilikuwa bado niko ndani ya hadithi, ndo jibu lililokuja.

Wakaangaliana. Mama muuza vitumbua hana habari na ndovu, yeye anachungulia ndani. "Mkeo si yuko Morogoro? Huyo mwanamke anayelia ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akaguna ile ya ndefu. Ikabidi nifanye ile sauti palepale mlangoni, mbele ya wanaume na marungu, "Mwanangu, siyeee", na kijana mmoja wa ulinzi akageuka pembeni mabega yanatikisika.

Mwalimu akatokea na kandambili, karatasi zake za witiri mkononi, nikajua nimepona. Akawaambia "Hajaua mtu. Nilikuwa namfuatilia kwa Kiingereza, yuko sahihi, ila kuna mstari mmoja karuka."

Mjumbe akakaa kimya kidogo. Halafu akauliza, polepole kabisa, kama hataki wenzake wasikie, "Sasa huyo nunda mwenyewe alikuja kuuawa au?"

Nikaleta kiti. Wengine wakakaa barazani. Nikamaliza hadithi kwa tochi za ulinzi shirikishi, na kwenye kuimba mama muuza vitumbua ndo alikuwa mama, ana sauti nzuri kuliko yangu kwa kweli.

Nimerudi ndani nikageuza simu, meseji 64, ya mwisho ya dada wa Mwanza: "Nimetoka. Usinirudishe." Kumi na tisa wengine wametoka pia. Tumebaki watatu, mimi na mwalimu na namba moja ambayo nadhani ni ya mtu aliyepoteza simu.

Mjumbe anataka kujiunga, ila ana simu ya kitochi, haiingii WhatsApp. Kasema Jumamosi atakuja na kiti chake, na nihakikishe nimenunua umeme.