Tukifunga Akaunti, Tunamfungia Nani?

Ukiiacha ruta, kamera au seva wazi kwenye intaneti kupitia SSH au Telnet, njia za kuingia na kuongoza kifaa ukiwa mbali, haichukui muda mrefu kabla majaribio ya kuingia hayajaanza kumiminika. Upande wa pili hakuna mtu aliyekaa kwenye kibodi. Ni programu zinazopitia anwani za IP, namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, moja baada ya nyingine, zikijaribu "admin", "root", "123456". Wasimamizi wengi wa mitandao wana jibu moja: anayekosea mara kadhaa afungiwe. Nakubaliana nao, ila swali la nini hasa kifungwe hupitwa haraka mno, na madhara yake ni makubwa.

Wanaotetea kufunga wana hoja nzito. Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alifichua udhaifu wa WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwenye Wi-Fi kwa namba ya siri ya tarakimu 8. Ruta ilikuwa ikiihakiki namba hiyo nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho ilikokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Kwa hiyo aliyetaka kuvunja hakuhitaji kujaribu mamilioni. Majaribio 11,000 yalitosha. Ruta nyingi za wakati huo hazikuwa na kikomo chochote, na kazi ikaisha kwa saa chache. Ruta iliyoruhusu makosa 5 tu kwa saa ingemchelewesha hadi miezi 3. Namba fupi ya siri bila kikomo cha makosa haimlindi mtu yeyote.

Tatizo huanza pale tunapoifunga akaunti yenyewe. Ili kuifunga, mshambuliaji hahitaji kujua nywila. Jina la mtumiaji linamtosha, na kwenye vifaa vya mtandao jina hilo mara nyingi linajulikana na dunia nzima. Anakosea makusudi mara 5, na mwenye kifaa anabaki nje. Muda wa kufungiwa ukiisha, anarudia. Ulinzi umegeuka silaha mkononi mwa yuleyule tuliyetaka kumzuia. Si bure kwamba orodha ya CWE, inayoainisha udhaifu wa programu, inataja makosa ya pande zote mbili: CWE-307 ni kutoweka kikomo cha majaribio, na CWE-645 ni kufunga akaunti kwa ukali kupita kiasi.

Viwandani suala hili linagusa usalama wa watu. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya viwandani, IEC 62443-3-3, kinataka akaunti zinazotumika kwa kazi za msingi za mtambo zisifungwe hata kwa muda mfupi. Fikiria mwendesha mtambo anayeona shinikizo likipanda, mikono inatetemeka, amekosea nywila mara tatu. Hapo skrini ikimwambia asubiri dakika 30, aliyeweka kanuni hiyo amesababisha hatari kubwa kuliko ile aliyoiogopa.

Kuna pia mashambulizi ambayo kufunga hakuyagusi. Mirai, programu hasidi iliyoteka vifaa vya mtandao na kuangusha huduma za Dyn, kampuni iliyoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, mnamo Oktoba 2016 na kuzima tovuti kubwa kwa watumiaji wengi wa Marekani, ilikuwa na orodha ya jozi 62 za majina na nywila, nyingi zikiwa za kiwandani. Kwa kila kifaa ilichagua jozi 10 kwa nasibu, ikazijaribu, kisha ikaendelea na safari. Kikomo cha makosa 10 kisingeisumbua hata kidogo. Dawa yake ilikuwa kuondoa nywila za kiwandani, na Uingereza imelifanya hilo kuwa sheria tangu tarehe 29 Aprili 2024. Vivyo hivyo kwa anayechukua nywila moja maarufu na kuijaribu kwenye akaunti elfu: hakuna akaunti hata moja inayofikia kikomo.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa kuzuia chanzo na kupunguza kasi, badala ya kufunga akaunti. Programu ya fail2ban husoma kumbukumbu za seva na kuizuia anwani ya IP iliyokosea. Kwa mipangilio yake ya kawaida ni makosa 5 na kizuizi cha dakika 10. Njia hii nayo ina kasoro: mashine elfu zinaweza kugawana majaribio, na wateja wengi wa mtoa huduma mmoja huonekana kwa anwani moja, hivyo asiye na hatia huweza kuzuiwa. Lakini angalau jirani yake wa anwani nyingine bado anaingia.

Kwenye vifaa vya mtandao vya kampuni ya Cisco, amri ya login block-for huzuia maombi yote ya kuingia kwa mbali makosa yakizidi, hata ya msimamizi. Anayeiwasha bila kuongeza login quiet-mode access-class, inayotaja anwani zinazoruhusiwa kuendelea kuingia, amempa mgeni uwezo wa kumfungia nje apendavyo.

Kuhusu idadi, makosa 3 ni machache mno. Kikomo cha PCI DSS, kiwango cha usalama wa data za kadi za malipo, kilipanda kutoka 6 hadi 10 katika toleo la 4.0 la mwaka 2022, na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliweka ukomo wa juu wa 100. Nywila ndefu isiyokisiwa haidhoofiki kwa tofauti ya 3 na 10, ilhali mtu anayeandika kwenye skrini ndogo ataihisi tofauti hiyo kila wiki.

Kabla ya kuweka kikomo chochote, tafuta kwanza mashine zinazoingia zenyewe: programu ya nakala rudufu, mfumo wa ufuatiliaji, simu iliyohifadhi nywila ya mwaka jana. Siku nywila inapobadilishwa, hizo huendelea kutuma ile ya zamani usiku kucha, na akaunti hufungwa bila mshambuliaji yeyote kuwepo. Kila moja ipewe akaunti yake na ufunguo wa SSH, faili ya siri inayotumika badala ya nywila, pale inapowezekana, isiingie kwa jina la msimamizi.