Datong: ukuta mpya juu ya udongo wa kale

Ukitaka kuielewa Datong, anza na ramani. Mji uko kaskazini mwa mkoa wa Shanxi nchini China, kwenye bonde lililoinuka mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Beijing iko mashariki yake, Mongolia ya Ndani, ambayo ni eneo la China, inapakana nayo upande wa kaskazini. Mvua ni haba na baridi ni kali. Hapo ndipo mashamba ya wakulima yanapokutana na nyika za wafugaji wa farasi, kwa hiyo tangu zamani aliyeishika Datong alishika mlango.

Watu wa nyika wenyewe ndio walioifanya mji mkuu. Watuoba, waanzilishi wa dola ya Wei ya Kaskazini, walitawala kutokea hapa kuanzia 398 hadi walipohamia Luoyang mwaka 494, na katika kipindi hicho wakaanza kuchonga mapango ya Yungang, yenye sanamu za Kibudha zaidi ya 51,000. Karne nyingi baadaye, mwaka 1372, utawala wa nasaba ya Ming ukajenga ukuta mkubwa wa mji kuwazuia Wamongolia.

Halafu makaa ya mawe. Reli ya kutoka Datong hadi bandari ya Qinhuangdao, kilometa 653, ilijengwa hasa kwa ajili ya kuyasafirisha. Mji ulipata ajira na jina, pamoja na hewa chafu; vumbi la malori lilitua hadi kwenye nyuso za sanamu za Yungang.

Mwaka 2008 akaja meya Geng Yanbo na dawa yake: kuufufua mji wa kale, ukuta ukiwa mbele, na kuupeleka mji mpya mashariki, ng'ambo ya mto Yu. Wanaomtetea wana hoja nzito. Makaa yana mwisho, na historia ya namna hii si miji mingi inayo. Tena Beijing ilibomoa kuta zake, ingawa msanifu Liang Sicheng alisihi zihifadhiwe na ofisi za serikali zijengwe pembeni. Datong ilikuwa inajaribu kitu kinachofanana na wazo lake.

Wapinzani husema ukuta huo ni feki. Hapa siwaungi mkono moja kwa moja, maana sehemu nyingi za kiini cha udongo ulioshindiliwa enzi za Ming zilikuwa bado zimesimama, na matofali mapya yamevikwa juu yake. Kuta za ngome hukarabatiwa kila zama. Hata Ming hawakujenga mahali patupu.

Kinachonisumbua ni kilichokuwa ndani ya ukuta. Maelfu ya familia zilihamishwa, nyumba zao zikabomolewa, na wengi wakapelekwa kwenye magorofa mbali na mitaa waliyoizoea. Mji wa kale usio na wakazi wake wa kale unawafaa zaidi wapiga picha. Na gharama ilikuwa kubwa: Geng alipohamishiwa Taiyuan, mji mkuu wa Shanxi, mwaka 2013, aliacha madeni na majengo yasiyokamilika. Hata hivyo, wapo wakazi walioingia barabarani kuomba asiondoke, na sidhani walikuwa wamedanganywa; walikuwa wameona mji wao ukisafishwa.

Tangu mwishoni mwa 2019, treni ya mwendo kasi inafika Datong kutoka Beijing kwa muda wa saa mbili hivi. Hoja ya utalii imepata nguvu ambayo haikuwa nayo wakati wa Geng. Hoja ya waliobomolewa nyumba bado haijajibiwa.