Braciole hazitaki steki

Kila nikipika braciole, mikunjo ya nyama ya Kiitalia, kuna mtu ataniuliza swali lile lile: mbona zangu zinakauka, na nilinunua steki nzuri kabisa? Jibu limo ndani ya swali. Steki ndiyo iliyoziharibu.

Niliishi Napoli nikimtunza bibi mmoja mzee, nikimwita Signora, na jikoni kwake ndiko nilikojifunza chakula hiki. Jumapili alibandika kabla ya kwenda misa, na alibandika sufuria mbili. Kubwa ilikuwa yake, yenye divai nyekundu na mbavu za nguruwe pamoja na braciole. Ndogo ilikuwa yangu, ya nyama ya ng'ombe niliyoinunua mwenyewe kwenye bucha ya halali upande wa Piazza Garibaldi. Kila sufuria ilikuwa na mwiko wake. Alikuwa amevuka miaka 80, macho yamepungua nuru, lakini miiko ile hakuichanganya hata siku moja. Nilipomwambia siku ya kwanza kwamba divai siitumii, hakushangaa wala hakunihoji. Aliinama kabatini akatoa sufuria ya pili.

Kwa asiyezijua, braciole ni vipande vyembamba vya nyama vinavyotandazwa, vikanyunyiziwa kitunguu saumu, majani ya pasli, jibini la kondoo, zabibu kavu na pinoli, yaani kokwa ndogo za msonobari. Kisha vinakunjwa kama mkeka, vinafungwa kwa uzi au vijiti vya meno, na kupikwa kwa mchuzi wa nyanya. Jina linatokana na *brace*, makaa ya moto, na sehemu kubwa ya Italia ukimwagiza mwenye bucha braciola atakukatia kipande cha kuchoma. Zile za kukunja huko huitwa involtini. Mji wa Bari, huko kusini, wanazipika pia kwa nyama ya farasi. Sisilia wana farsumagru, mkunjo mmoja mkubwa wenye mayai ya kuchemsha katikati.

Sasa nirudi kwenye steki. Kusini mwa Italia kulikuwa na umaskini mkubwa. Kati ya 1880 na 1924 Waitalia kama milioni 4 walihamia Marekani, wengi wao wakitoka huko kusini, na braciole zikasafiri nao. Kwenye nyumba za maskini wa huko nyama kidogo ililazimika kutosha meza nzima. Kwa hiyo mchuzi unatangulia: unamwagwa juu ya tambi, watu wanakula, ndipo nyama inakuja peke yake kwenye sahani ya pili. Nyama hiyo ina kazi mbili, na kazi ya kwanza ni kuulisha mchuzi. Steki laini haina cha kuupa. Nyama ya paja, ile yenye nyuzinyuzi na utando, ikikaa kwenye moto mdogo utando wake unayeyuka na kuwa ute, ule ule unaofanya midomo inate ukinywa supu ya kongoro. Ute huo ndio unaoupa mchuzi uzito, na ndio unaoiacha nyama ikiwa na maji yake. Steki ikipikwa saa 3 inabaki kamba kavu.

Mwambie mwenye bucha akukatie paja kwa upana, unene wa nusu sentimita, halafu ponda taratibu hadi kipande kitanuke bila kutoboka. Kilo moja hunitolea braciole 10 hivi. Chumvi weka kidogo sana, jibini lina chumvi yake. Usijaze. Nimeona watu wakishindilia mkate, mayai, jibini la kuvutika, mpaka mkunjo unapasuka na mchuzi kugeuka uji. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha.

Zabibu msiziondoe, nawaomba. Najua wengi wanasita kuweka kitu kitamu ndani ya nyama, lakini mtu aliyezoea pilau yenye zabibu anasita nini? Utamu ule unashindana na uchachu wa nyanya na chumvi ya jibini, na bila huo kilichobaki ni nyama ya nyanya tu. Pinoli kwetu Tanga sizipati, naweka korosho zilizokatwakatwa. Si sawasawa, korosho ni nzito zaidi, lakini sioni aibu nayo.

Zikaange kwanza kwa mafuta ya zeituni mpaka ziwe za kahawia pande zote, uzitoe, kisha kitunguu. Penye divai mimi natia maji ya moto na nyanya ya kopo kijiko kimoja, nakwangua kile kilichoganda chini. Halafu nyanya. Signora alitumia San Marzano, zinazolimwa uwanda wa chini ya mlima Vesuvio. Zetu zina maji zaidi, kwa hiyo nazipika zaidi, basi.

Moto ndio kila kitu. Wanapoli wana neno *pippiare*: mchuzi usichemke, uwe unapumua tu, povu moja linapanda na kupasuka, pip, kisha jingine. Kifuniko kinaachwa wazi kidogo, mwiko ukiwekwa chini yake. Sufuria ya presha naikataa hapa. Nyama italainika, ndiyo, lakini mvuke hauna pa kutokea na mchuzi haupungui, utabaki na supu nyekundu. Jiko la mkaa lililofunikwa majivu linaifanya kazi hii vizuri kuliko gesi yangu.

Signora alihesabu vijiti akifunga, viwili kila mkunjo, na akavihesabu tena akivitoa kabla ya kupakua. Pungufu ya kimoja, hakuna aliyekula mpaka kipatikane. Mimi nimehamia kwenye uzi, lakini bado nahesabu. Watoto wanangoja mezani na vipande vya boflo mkononi, maana mchuzi unaobaki sahanini tunaupangusa mpaka sahani inang'aa.