Chupa ya Kuondoa Kaboni Husafisha Inapopita Tu

Gari langu lilianza kumisi asubuhi, yaani moto unakosa kuwaka sawasawa ndani ya silinda. Ukiliwasha likiwa baridi linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, taa ya cheki injini inapepesa, kisha ukitembea dakika kumi hivi linatulia kana kwamba halijafanya kitu. Nikajipa jibu kabla hata sijafungua boneti: kaboni. Injini imeshika masizi. Nikanunua chupa ya dawa ya kuondoa kaboni, yenye picha ya pistoni mbili, moja nyeusi tii, nyingine inameremeta kama sarafu mpya, nikaimimina yote tangini. Tangi likaisha, gari bado linamisi. Nikanunua ya pili, safari hii ile iliyoandikwa kwamba ina nguvu zaidi.

Wiki ya tatu nikaenda kwa fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kaka, plagi na koili umeziangalia?" Koili ndiyo inayopeleka umeme kwenye plagi, na plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Sikuwa nimeziangalia. Akaunganisha mashine ya kupimia, ikaonyesha hitilafu iko silinda ya pili. Akachomoa koili ya silinda hiyo akaihamishia ya tatu, ya tatu akaileta ya pili, akawasha tena. Misi nayo ikahamia silinda ya tatu. Basi, kesi ikaishia hapo. Aliponikabidhi ile koili niliigeuza kwenye mwanga: kwenye mpira wake kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ndiko umeme ulikokuwa ukitorokea asubuhi zenye unyevu badala ya kufika kwenye plagi. Na mstari ule, niambieni kama si dhihaka, ni kaboni. Kaboni nilikuwa nayo kweli. Ila haikuwa kaboni inayoweza kufikiwa na kitu kilichomiminwa tangini.

Tangu hapo nina msimamo mmoja kuhusu chupa hizi, na nausema mapema ili mwenye haraka aende zake: kioevu husafisha mahali kinapopita. Sisemi ni utapeli. Nyingine zinafanya kazi vizuri na mimi mwenyewe bado nazitumia. Ninachosema ni kwamba kabla hujafungua kizibo, fuata kwa kidole njia ambayo kile kioevu kitapita, uone kama inafika kwenye uchafu unaoulalamikia.

Nadhani neno "dawa" ndilo linalotuponza. Dawa ukiimeza inaingia kwenye damu, na damu inafika utosini hadi kwenye kucha. Injini haina damu. Ina njia ya petroli, njia ya hewa na njia ya oili, kila moja na mabomba yake, na kinachopita huku hakiendi kule. Ukimimina tangini umegusa njia ya petroli peke yake. Kwa hiyo swali zima linakuwa: katika injini hii, petroli inakutana wapi na hewa?

Kwanza uchafu wenyewe. Petroli, dizeli na oili zote zina kaboni ndani yake, na hakuna injini inayounguza kila chembe. Ikiwa baridi inapewa mafuta mengi kuliko kawaida ili iwake, na sehemu yake haiungui sawasawa. Ndiyo maana gari la safari fupi fupi, la kuwashwa na kuzimwa kabla halijapata moto, hushika masizi kuliko lile linalokwenda mbali. Kuna jingine ambalo watu wengi hawalifikirii: uchafu unazaliwa pia injini ikiwa imezimwa. Ukitoa ufunguo, ncha ya injekta, kile kinyunyizio cha petroli, inabaki na joto kali huku hakuna petroli mpya ya kuipoza. Lile tone lililobakia linakauka. Sehemu nyepesi inaruka, nzito inabaki kama gundi. Kesho gundi hiyo inapikwa tena, keshokutwa tena, mpaka inakuwa ukoko. Matundu ya injekta ni madogo mno, na kazi yake ni kutoa petroli kama ukungu. Ukoko kidogo tu, ukungu unageuka mchirizi, na mchirizi hauungui vizuri. Gari linakosa nguvu, linakunywa mafuta zaidi, linatikisika likiwa limesimama.

Ugonjwa huu wa injekta una historia. Katikati ya miaka ya 1980, magari ya injekta yalipoenea Marekani, yalianza kuziba, na kampuni za mafuta zikalazimika kuweka visafishaji ndani ya petroli yenyewe. Kuanzia mwaka 1995 sheria ya huko ikataka petroli yote iwe na visafishaji vya kiwango fulani. Baadaye baadhi ya watengenezaji wa magari, BMW, General Motors, Honda na Toyota, waliona kiwango hicho hakitoshi, na mwaka 2004 wakaanzisha kiwango chao cha juu zaidi, TOP TIER. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanyisha majaribio ya aina zote mbili za petroli. Baada ya mwendo ulio sawa na maili 4,000, yaani kama kilomita 6,400, petroli isiyo ya kiwango hicho ilikuwa imeacha uchafu mara 19 zaidi kwa wastani. Mimi takwimu hiyo ilinifanya nipunguze kuwaza chupa na nianze kuwaza ninajaza wapi. Petroli yenye kisafishaji cha kutosha ni chupa ambayo gari linainywa kidogo kidogo kila siku.

Ndani ya chupa iliyo na maana utakuta kitu kinachoitwa polietaamini, kwa kifupi PEA. Kinafanya kazi kwa namna ya sabuni: upande mmoja wa molekuli unashika uchafu, mwingine unapenda petroli, basi uchafu unang'olewa polepole na kubebwa hadi kwenye moto. Kuna ndugu yake wa zamani zaidi anayefanya vizuri kwenye injekta na kwenye valvu, yaani milango ya silinda, lakini kwenye joto la chumba cha kuunguzia anaweza kuacha masalia yake mwenyewe. PEA inavumilia joto hilo vizuri zaidi. Kwa hiyo chupa ambayo haisemi popote ina nini ndani, ila ina picha nzuri ya pistoni, mimi naiacha rafuni.

Sasa tufuate njia. Katika injini za injekta za kawaida, injekta imekaa kwenye njia ya hewa na inanyunyiza petroli mgongoni mwa valvu ya kuingizia. Valvu inaogeshwa na petroli kila mzunguko. Hapa chupa ina haki yake yote: inapita kwenye injekta, inapita kwenye valvu, inaingia ndani ya silinda. Gari langu la kabla ya hili lilikuwa la aina hiyo, lilikuwa limepoteza uchangamfu, linasita ukikanyaga mafuta. Chupa moja ya PEA na safari ndefu ya barabara kuu, likarudi. Halikuongezeka nguvu, maana chupa haiongezi nguvu ambayo injini haikuzaliwa nayo. Lilirudishiwa kilicho chake. (Na nikiri: sijui ni kiasi gani cha sifa ile ni ya chupa na kiasi gani ni ya safari. Gari lililozoea foleni ukilipeleka mbali kwa mwendo mzuri, joto peke yake linaunguza masizi.)

Mambo yanabadilika kwenye injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mitsubishi waliingiza injini ya namna hiyo, GDI, kwenye gari la soko la kawaida mwaka 1996, na leo ziko kila mahali, nyingi zikiwa na tabo. Zinabana mafuta, zina nguvu. Lakini angalia njia: petroli haipiti tena kwenye valvu ya kuingizia. Kinachopita pale ni hewa, pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka tumboni mwa injini, na kwa baadhi ya injini moshi kidogo unaozungushwa upya. Mvuke wa oili unatua juu ya valvu yenye moto, unapikwa, na hakuna tone la petroli la kuusuuza. Unaweza kumimina chupa tangini kila wiki. Haitaigusa valvu hiyo hata siku moja.

Hili nililiona kwa macho kwenye gari la rafiki yangu. Yeye alikuwa mwaminifu wa chupa, kila sevisi na chupa yake. Fundi alipofungua manifodi ya hewa, mabomba yanayogawia silinda hewa, nilichungulia kwa tochi. Shina la valvu, ambalo linapaswa kuwa jembamba na laini, lilikuwa limenenepa kama mzizi uliokaa ardhini miaka mingi. Juu kulikuwa na utelezi wa oili, chini yake ukoko mkavu. Nilikwaruza kwa ncha ya bisibisi, likabanduka donge la ukubwa wa punje ya mchele, jepesi, linavunjika vidoleni na kuacha weusi ambao sabuni ilihangaika nao. Ajabu ni kwamba injekta zake zilipotolewa zilikuwa safi kabisa. Kwa hiyo chupa zake hazikumdanganya. Zilifanya kazi pale zilipopita, na yeye alizitarajia kwingine.

Tiba ya valvu hizo ni ya mikono: fundi anazungusha injini mpaka valvu za silinda anayoisafisha zifunge, anaingiza bomba la upepo na kupuliza unga wa maganda ya jozi huku mashine ikivuta uchafu nje. Maganda ya jozi ni magumu kiasi cha kuvunja ukoko lakini hayakwaruzi chuma. Kuna dawa za kupuliza kwenye njia ya hewa injini ikiwa inaunguruma, na hizo angalau zinafuata njia sahihi. Kwa uchafu mwepesi, sawa. Kwa ukoko wa miaka, ninaogopa vipande vinavyobanduka vikiingia ndani kavukavu. Toyota walilitatua kwa ubunifu tangu 2005 katika mfumo wao wa D-4S: kila silinda ina injekta mbili, moja ndani na moja kwenye njia ya hewa, na hii ya pili inaiosha valvu. Mimi nikisikia mtu anatafuta gari la kununua, hilo namtajia kabla ya rangi.

Chupa za kumimina kwenye oili ni habari nyingine, na hapa nakuwa mwoga waziwazi. Unaimimina kwenye oili ya zamani, unaacha injini iungurume bila mzigo kwa dakika zilizoandikwa, kisha unamwaga yote. Zinaweza kusaidia ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoziba pembeni mwake, zikiwa zimeshikwa na masizi. Lakini injini iliyokaa miaka bila kubadilishiwa oili kwa wakati ina tope chini, na tope likibanduka kwa mkupuo linakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Pampu ikikosa oili, injini inajisaga yenyewe. Kwa injini kama hiyo afadhali oili mpya mara mbili tatu kwa vipindi vifupi, uchafu utoke taratibu. Na wale wanaosema weka mafuta ya taa kwenye oili, au changanya na petroli "ili isafishe": mafuta ya taa yanapunguza ulainishaji kwenye oili, na kwenye petroli yanashusha okteni, uwezo wa petroli kutojilipukia kabla ya wakati, mpaka injini igonge. Umetafuta kutoa kaboni ukajiongezea ovaholi.

Dizeli ina chupa zake na hazibadilishani na za petroli. Vyombo vyake ni vya usahihi mkubwa, shinikizo kwenye reli, bomba linalogawia injekta mafuta, linapita bar 2,000 katika mifumo ya sasa, na ninachomwambia mwenye dizeli ni kwamba chujio na mafuta yasiyo na maji vinamlinda kuliko chupa yoyote.

Mimi nafanya hivi: namimina kisafishaji tangi likiwa karibu tupu, nalijaza papo hapo ili kichanganyike vizuri, kipimo kile kile cha kwenye chupa bila kuongeza, kisha naliendesha mbali. Na nafanya hivyo sevisi ikiwa imekaribia, kwa sababu sehemu ya kisafishaji hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Oili hiyo inamwagwa siku chache baadaye, yameisha.

Juzi kijana mmoja alinijia na chupa mkononi, bado ina plastiki yake. Gari lake linapanda na kushuka likiwa limesimama, halitulii. "Mzee, hii itanifaa?" Nikamwambia tufungue boneti kwanza tuone injekta zake ziko wapi. Hatukufika kwenye injekta. Nyuma ya manifodi kulikuwa na kibomba cha mpira kilichochomoka kwenye klipu yake, kinafyonza hewa peke yake kwa mlio kama wa mtu anayevuta mate. Alikisukuma kwa kidole gumba, injini ikatulia pale pale. Chupa hakuirudisha dukani. Ameiweka buti, anasema ataimimina kabla ya sevisi ijayo, nami sikumpinga, maana gari lake ni la zile zenye injekta kwenye njia ya hewa.