Ukipima RNA mjumbe, bado hujapima protini

Maabara nyingi zikitaka kujua seli inafanya nini hupima RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni inayosomwa ili protini itengenezwe, kisha huandika kana kwamba zimepima protini. Sababu zao si za kubeza. RNA hunakiliwa kuwa DNA, ikarudufishwa hadi seli moja ikatosha kusoma maelfu ya jeni kwa mkupuo. Protini haina njia ya kurudufishwa hivyo. Tena seli ya ini hutofautiana na ya neva hasa kwa jeni zilizowashwa na zilizozimwa.

Ubishi uko kwa jeni ambazo tayari zinanakiliwa. Mwaka 2011 watafiti wa Berlin walipima jeni zipatazo 5,000 katika seli za panya, wakakuta kiwango cha RNA mjumbe kinaeleza takriban asilimia 40 tu ya tofauti za wingi wa protini. Mwaka 2014 wachambuzi wengine walisahihisha makosa ya vipimo hivyo, wakapata angalau asilimia 56, na kwa hesabu nyingine 81. Watetezi wa RNA hupenda kuishika hiyo 81. Lakini inalinganisha nini? Jeni moja na nyingine, ndani ya seli zilizotulia. Kwamba aktini, protini ya kiunzi cha seli, ni nyingi na protini fulani ya kipokezi ni haba, RNA itakuambia vizuri. Haikuambii protini ileile itapanda au kushuka vipi seli ikikosa chuma au DNA yake ikikatika. Hilo ni swali jingine kabisa, na ndilo mtafuta dawa analouliza.

Ferritini, protini inayohifadhi chuma, inaonyesha pengo hilo. Chuma kikipungua, protini dhibiti ziitwazo IRP hushika kitanzi kilicho karibu na mwanzo wa RNA ya ferritini, na ribosomu, mashine inayosoma RNA na kuunda protini, hushindwa kuanza kusoma. RNA ipo palepale, protini haitengenezwi. Chuma kikirudi, IRP huachia na usomaji huanza bila kungoja jeni inakiliwe upya. Nayo p53, protini inayokinga seli dhidi ya saratani, hutengenezwa muda wote. Protini nyingine, MDM2, huibandika ubikwitini, alama ya kuvunjwa, kisha protiasomu, mashine ya kuvunja protini, huivunja, na nusu yake hutoweka kwa dakika 20 hivi. DNA ikiharibika, p53 hupachikwa fosfeti, uvunjaji hupungua, nayo hulimbikizana. Anayetazama RNA yake pekee ataona utulivu.

Kutengeneza na kuvunja hivyo muda wote ni mtindo ghali, maana kila asidi amino, tofali la protini, hugharimu walau vifungo vinne vya fosfeti vyenye nishati: viwili kuipakia kwenye tRNA, RNA inayoibeba, viwili kwenye ribosomu. Seli hulipa kwa sababu kuzuia uvunjaji ni haraka kuliko kuanza na jeni.

Madhara ya kupuuza haya huonekana zaidi katika majaribio ya kunyamazisha jeni, ambapo RNA yake huondolewa ili protini isitengenezwe. Katika utafiti wa 2011, muda wa kiasi kupungua kwa nusu, kwa kipimo cha kati (mediani), ulikuwa saa 9 kwa RNA na 46 kwa protini. Kwa hiyo, hata utengenezaji ukikoma kabisa, baada ya saa 24 asilimia 70 hivi ya protini ya kawaida bado ipo, kama seli hazijagawanyika. Mtafiti anaona RNA imeshuka, seli hazijabadilika, anaandika kwamba jeni haina kazi. Angepima protini yenyewe kwa kingamwili saa ya 24, 48 na 72, angegundua kwamba jaribio lake lilikuwa halijaanza.