Mtumba si tusi

Neno "mtumba" lilikuwepo muda mrefu kabla ya shati la kwanza lililovaliwa Ulaya kufika soko la Karume, Dar es Salaam, au la Gikomba, Nairobi. Karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mtumba ulikuwa mzigo wa vitambaa uliofungwa barabara, mpagazi akaubeba kichwani au begani. Ndani mlikuwa na kaniki, na mlikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kilichopata jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani, kwa meli za wafanyabiashara wa Salem zilizokuwa zikitia nanga Unguja. Nguo hizo zilikuwa mpya, tena zilikuwa fedha: hongo ya kupita kwenye nchi ya chifu ililipwa kwa nguo, na chakula cha njiani kilinunuliwa kwa nguo. Mwenye mitumba mingi ndiye aliyekuwa tajiri.

Maana ya asili, basi, ni furushi. Uchakavu umeingia juzijuzi. Tanzania ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, nguo kuukuu ziliingia kwa wingi zikiwa zimefungwa marobota. Wapo walioziita "kafa Ulaya", kana kwamba wamevuliwa maiti, lakini lililoshika ni lile jina la kale la mzigo. Kisha likahama kutoka kwenye furushi likaiganda nguo yenyewe, na sasa hata friji ni la mtumba.

Kuhama huko hakunikeri hata kidogo. Nenda Karume asubuhi na mapema robota la kilo 45 linapofunguliwa. Mikanda inakatwa, nguo zinafumuka, wachuuzi wanainama. Huyu anageuza kola, yule anakagua kwapa, mwingine anapandisha zipu na kuishusha, na inayompendeza anaitupia begani upesi kabla mwenzake hajaidaka. Ni ujuzi mtupu, na umesomesha watoto wengi.

Biashara yenyewe ina mabishano yake. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa nguo hizi sokoni hatua kwa hatua. Rwanda iliyoshikilia kuzitoza ushuru mkubwa ikasitishiwa na Marekani, mwaka 2018, nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Viwanda vyetu vina haki ya kulindwa, na hilo nalitetea.

Ninachokikataa kabisa ni kumpachika binadamu neno hili. Mwanamke aliyeachika akipata mume, au mjane akiolewa tena, utasikia kijiweni: "Jamaa kaoa mtumba." Watu wanacheka. Mwanamume aliyewahi kuoa mara tatu haitwi hivyo. Hapo neno limegeuzwa kipimo cha mwili wa mwanamke, na linamuumiza mama wa watu aliyeamua kuanza maisha upya. Likitamkwa mbele yangu, namkatiza msemaji papo hapo, hata akiwa mjomba.