Nyimbo za sinema zinazokataa kuingia siku ya kwanza

Mi nina msimamo mmoja kuhusu nyimbo za sinema za kihindi na watu wangu hapa Nairobi wameshauchoka: wimbo wa ajabu ajabu, ule hauna mahali pa kushika haraka, usiuseme vibaya kabla hujauzoea, na sio kuzoezwa kwa nguvu na dere wa matatu, nasema kuuzoea kwa hiari yako, ukiwa unaosha vyombo ama umekwama kwa jam Thika Road na huna pa kukimbilia.

Shida ni vile masikio yetu yamefunzwa. Wimbo wa kawaida wa sinema ya kihindi una mpango wake, wenyewe wanaita mukhda na antara, yaani kibwagizo kinafungua, unakuja ubeti, unarudishwa pale pale kwa kibwagizo, ubeti mwingine, unarudishwa tena, na hata kama hujui neno moja la Kihindi ukifika dakika ya pili ushaanza kuimba. Sasa anakuja mtunzi wa muziki wa sinema kama A.R. Rahman, ambaye tangu filamu ya Roja ya 1992 kazi yake imekuwa kuharibu huo mpango. Anaanza na mlio hujui umetoka wapi, sauti inachelewa kuingia, tuni inatembea mbali kweli kweli kabla irudi, na saa zingine hairudi kabisa. Mara ya kwanza unaona ni kama jamaa aliacha kazi katikati akaenda kulala.

Chukua albamu yake ya filamu ya Dil Se, ya 1998. Humo ndani kuna Chaiyya Chaiyya, ile ya Shah Rukh Khan akicheza juu ya gari la moshi, na huo wimbo hauhitaji wakili, mtoto wa nasari anaupenda siku hiyo hiyo. Lakini kwa albamu hiyo hiyo kuna Satrangi Re, ulioimbwa na Sonu Nigam na Kavita Krishnamurthy, zaidi ya dakika saba, na karibu kila mtu niliyewahi kumwekea amenyoosha mkono apitishe kabla haujafika nusu. Namwelewa. Wimbo unapanda, unageuka, unanyamaza pale ulipodhani sasa ndo utalipuka, kibwagizo chake hakikupi pumzi. Ila uache ucheze leo, uucheze wiki ijayo, bila video (video inakula masikio, utaishia kuangalia nguo za Manisha Koirala), alafu siku moja utajipata unangoja mahali fulani, pengine pale sauti ya Kavita inapoingia, pengine mpito mdogo tu wa ala, na unakasirika mtu akikuongelesha kabla pafike. Hapo ndo wimbo ushaingia, na hukusukumwa na mtu.

Najua kuna wale watasema hayo ni mazoea tu, ukirudia kitu chochote utakipenda. Kuna ukweli hapo. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Robert Zajonc, alichapisha utafiti mwaka wa 1968, aliwaonyesha watu maneno ya kubuni na alama kama herufi za Kichina, vitu hawavielewi kabisa, na vile walivyoviona mara nyingi zaidi ndivyo walivyosema ni vizuri zaidi. Sawa. Lakini bana, kama kurudia pekee kungetosha, hizo jingle za matangazo ya redio si tungekuwa tunaziomba kwenye harusi? Kuna nyimbo unazipenda Jumatatu na ikifika mwisho wa mwezi ukisikia zinaanza unataka kushuka kwa gari. Zile zimeshamaliza kusema yote siku ya kwanza. Satrangi Re inakuwekea akiba, na mi naona hiyo ndo tofauti yenyewe.

Na hii ajabu ya wimbo inategemea wewe umelelewa na muziki gani. Mtu wa Mombasa aliyekua nyumba inapigwa taarab ya Juma Bhalo, ambaye alikuwa anachukua tuni za sinema za kihindi anazivalisha mashairi ya Kiswahili, huyo ukimletea milio ya Bombay hashtuki, ameshaizoea tangu tumboni. Lakini mwekee Hunter, ule wa filamu ya Gangs of Wasseypur ya 2012, atakuuliza hii ni nini. Sneha Khanwalkar, mwanamke aliyetunga muziki wa hiyo filamu, alienda mpaka Trinidad, kisiwa cha Karibi, kutafuta chutney, muziki wa wajukuu wa Wahindi waliopelekwa huko kufanya kazi mashambani, akaurudisha ukaingia kwa hadithi ya majambazi wa Dhanbad, mji wa India. Sasa kijana wa Umoja ambaye amekulia mitindo ya Karibi kwa matatu anaukubali papo hapo, na mwenzake anayedai anazijua sinema za kihindi ndo anakunja uso. Mi hapo hucheka sana.

Zamani hata hatukuwa na ujanja. Wazee waliokuwa wanaenda Shan pale Ngara, jumba la sinema ambalo siku hizi ni Sarakasi Dome, walilipa tiketi wakaketi, wimbo ukianza utausikia wote, kitufe cha kupitisha utakitoa wapi? Ndo maana nadhani vitu vya mtunzi R.D. Burman vilipata nafasi. Mehbooba Mehbooba ya filamu ya Sholay, 1975, ameimba mwenyewe kwa ile sauti ya kukwaruza na mlio wa mwanzo ulitoka kwa chupa za bia zilizopulizwa. Leo tunauita wa zamani mzuri, hakuna anayeuona wa ajabu. Ungetoka mwaka huu kwa simu zetu hizi, wengine hizo chupa hawangezisikia zikaisha.

Sasa tumeletewa marimiksi. Kila sinema ya pili wanachukua wimbo wa miaka ya tisini, wanautia besi, wanaongeza mtu wa kurap katikati, na unaupenda kabla haujaanza kwa sababu ushaupenda tayari miaka hiyo. Biashara nzuri. Mi nazipita.

Sisemi kila wimbo mgumu una hazina ndani. Filamu ya Dev.D ya 2009 ina nyimbo kumi na nane, mtunzi wake Amit Trivedi alipata tuzo ya taifa ya India kwa kazi hiyo, na ile Emosanal Attyachar ya bendi ya harusi, tarumbeta zikilia kama zimelewa, niliielewa polepole na siwezi kuiacha sasa, lakini kuna zingine mle ndani nimezipa muda na heshima zote na bado hatusalimiani. Ni sawa tu. Ila nyinyi mnaonitumia wimbo kwa WhatsApp saa nne asubuhi alafu saa kumi mnauliza "vipi, umependa?", ngojeni angalau hadi mwisho wa mwezi.